Klamidia Haina Tarehe

*Mheshimiwa Mshauri, nauza unga na sabuni karibu na mpaka hapa Mokambo. Mume wangu, ambaye tulioana mwaka jana baada ya mimi kuachika, ni dereva wa lori la shaba, na hukaa majuma matatu asirudi. Nilivuka kwenda Mufulira kupimwa, nikaambiwa nina klamidia. Siumwi popote. Nidai talaka, au nimeze dawa ninyamaze? – Mama wa Mokambo*

Mama yangu, usidai talaka kwa hujja ya kipimo hicho, wala usinyamaze.

Klamidia huletwa na bakteria wanaoenezwa kwa kujamiiana, nayo si maradhi ya nadra: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee yalitokea maambukizo mapya zaidi ya milioni 128 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Ubaya wake ni ukimya, kwani aghalabu mwanamke haoni uchafu wala hahisi maumivu, na wanaume wengi kadhalika, ilhali bakteria wamo mwilini kwa miezi, pengine kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kipimo kimekujulisha kuwa unayo. Hakikukujulisha ilianza lini, wala ni nani kati yenu aliyetangulia kuwa nayo. Yamkini mumeo ameipata safarini, sitakuficha. Yamkini vilevile mmoja wenu aliingia nayo katika ndoa hii bila kujua.

Lakini kuiacha klamidia bila tiba ni hatari, maana hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi ikaitia makovu, na huko ndiko utasa na mimba ya nje ya kizazi hutokea. Na mtoto anayezaliwa na mama mwenye maradhi haya huweza kuugua macho au mapafu.

Dawa ipo, nayo huponya. Kwa kawaida ni doksisiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7. Mjamzito hupewa azithromaisini badala yake, basi mweleze tabibu ikiwa una dhana ya mimba. Usinunue vidonge viwili vitatu vya rejareja barabarani. Ichukue karatasi ya majibu ya Mufulira uende nayo kituo cha afya, kwa sababu vituo vingi visivyo na maabara hutibu kwa kufuata dalili, na wewe huna dalili ya kumwonyesha muuguzi.

Mumeo naye sharti atibiwe, ama sivyo huenda akakuambukiza upya usiku wa kwanza wa kurudi kwake. Mpigie simu ukiwa umetulia, na badala ya kusema "umeniletea", mwambie: "Nimepimwa, nimeonekana na maradhi, nimeanza dawa, nawe tibiwa huko uliko, ukifika tutazungumza." Ukichelea kwamba atakupiga, usimwambie peke yako, mwombe muuguzi amwite kwa faragha. Msikutane kimwili hadi nyote wawili mmalize dawa, na siku 7 zipite ikiwa mmoja wenu alipewa dozi ya mara moja.

Habari ya talaka iamue baadaye, kwa kuyatazama atakayokujibu na atakayotenda, na kwa yale unayoyajua ya mwenendo wake. Baada ya miezi 3 rudi ukapimwe tena, na sasa hivi ombeni nyote mpimwe kaswende na Virusi vya Ukimwi, kwa kuwa nayo pia huenezwa kwa kujamiiana.