Kadi ya michoro bei juu: nijenge kompyuta ya gemu au ningoje?

SWALI: Nataka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, hasa GTA V na Valorant, lakini kadi ya michoro peke yake inameza nusu ya bajeti yangu. Ningoje bei ishuke?

JIBU: Usingoje, ila kadi iache kwanza. Nunua prosesa yenye michoro ndani yake. Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021, inaziendesha gemu zote mbili kwenye 1080p ukishusha mipangilio. Wengi huharibia kwenye RAM: wananunua kijiti kimoja cha GB 16. Michoro ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta, na vijiti viwili vya GB 8 huipa njia mbili za kupitisha data badala ya moja. Tofauti utaiona kwa macho, bila kipimo.

Pawa saplai usiibanie. Chukua ya wati 550 ya kampuni inayoaminika, ili siku ukipata kadi uichomeke tu. (Zile zisizo na jina zinazokuja bure na kasha, mwachie muuzaji.)

Kadi ya mtumba? Inafaa, lakini kumbuka kwamba hadi Septemba 2022, uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa kadi za michoro ulipokoma, kadi nyingi zilikesha kazini usiku na mchana. Feni hubadilishwa, kumbukumbu iliyochoka ni kazi nyingine kabisa. Dai iendeshe gemu nzito mbele yako kwa nusu saa kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa, ondoka.