Gari la Jimbo Jingine: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanamhusu kila ndugu yetu aliyeko Marekani anayetaka kuvuka mpaka wa jimbo kufuata gari lililokwishatumika kwa sababu ameona bei nafuu.

FANYA hesabu ya kodi ya kwenu kabla hujatoka nyumbani. Kodi hufuata jimbo utakakolisajili gari. Majimbo ya Oregon, Montana na New Hampshire hayatozi kodi ya mauzo, lakini mkazi wa Texas akinunua huko, asilimia 6.25 inamsubiri dirishani siku ya usajili. Kwa gari la dola 10,000, hizo ni dola 625, na muuzaji hakukutajia.

USIKUBALI kuandikiwa bei ya uongo. Hapa ndipo watu wetu wanapoponzwa zaidi. Mtu binafsi anakuuzia kwa dola 10,000, kisha kwa "kukusaidia" anaandika 2,000 kwenye hati ya mauziano. Texas wana thamani yao ya kila gari. Ukinunua kwa mtu binafsi na bei ikawa chini ya asilimia 80 ya thamani hiyo, kodi inakokotolewa kwa hiyo asilimia 80. Massachusetts nao hutazama kitabu cha thamani ya magari. Kwa hiyo utakuwa umedanganya bure, na saini ni yako. Kwa mwenye faili la uhamiaji ambalo halijaamuliwa, kosa la udanganyifu ni zito kuliko kodi yoyote.

ULIZA yadi inakata kodi ya jimbo lipi, na udai risiti yake. Majimbo mengi hukupunguzia kiasi ulichokwishalipa kwingine, ila kwa ushahidi. Bila karatasi, utalipa mara mbili.

USIICHUKULIE ada ya makaratasi kama kodi ya serikali. Ni pesa ya yadi. California imeiwekea ukomo wa dola 85; Florida haina ukomo, na yadi hutoza mamia ya dola. Taka jumla kuu kwa maandishi, kila ada ikiwemo.

KAGUA hati ya umiliki. Jina lililomo liwe la anayekuuzia, na lisiwepo deni la benki. Namba ya chasisi ilingane na iliyo kwenye gari.

USIPELEKE California gari lenye maili chini ya 7,500 ambalo halikuundwa kwa viwango vya moshi vya jimbo hilo. Kwa kawaida mkazi hasajiliwi gari la namna hiyo.

USILIENDESHE kurudi nyumbani bila bima na namba za muda.

USICHELEWE kusajili. Texas inakupa siku 30, kisha faini inaanza.

Na kabla ya kutoa hata dola moja ya arbuni, pigia simu ofisi ya usajili ya kwenu, uwatajie jimbo, bei na mwaka wa gari, kisha andika wanachokujibu.