Muhuri Si Wako: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwenyekiti wa Mtaa

Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa kwa miaka kumi, kuanzia uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa Novemba 2024. Mtaa wenyewe uko pembezoni mwa Dar es Salaam, kule ambako juzi kulikuwa na mikorosho na leo kuna mageti meusi ya chuma. Nimekuwa shahidi mahakamani mara tatu. Nimetukanwa mara zisizo na idadi, na mlango wangu umegongwa usiku kwa misiba, kwa wezi na kwa watoto waliopotea. Sasa nimerudi kwenye cherehani yangu, na kutoka hapa barazani naona wenyeviti wapya mnavyorudia makosa yale yale. Wanaolipa si ninyi.

MUHURI: FANYA

Soma karatasi yote kabla ya kugonga. Yote, si mstari wa mwisho tu wenye jina lako.

Nenda kiwanjani kwa miguu yako. Ramani iliyochorwa kwa kalamu ya bluu si kiwanja. Waite majirani wa pande zote nne, wasimame mpakani, waseme kwa vinywa vyao, ndipo watie sahihi. Jirani aliyekataa kuja ana sababu. Mfuate umuulize.

Mwite mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. "Mama watoto yuko kijijini anauguza, simu haipatikani" si ridhaa. Mwambie bwana asubiri mkewe arudi. Akianza kufoka, umeshajua alichokuja kufanya.

Andika kila kitu kwenye daftari: tarehe, majina, namba za vitambulisho, ukubwa wa eneo, majirani. Na kabla hujaandika jipya, pekua ya nyuma. Hili nalisema kwa uchungu.

Mwaka wangu wa pili alikuja mzee mmoja wa kuheshimika, kofia na kanzu, ameongozana na mnunuzi. Nilikuwa nakata vitambaa vya sare za harusi na wenye harusi wananipigia simu kila saa. Nikagonga muhuri, nikarudi kwenye mkasi wangu. Miezi saba baadaye akaja mama mmoja mjane. Akafungua pindo la kanga, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Kiwanja ni kile kile, muuzaji ni yule yule, na muhuri ni wangu. Nikamtafuta mnunuzi wa kwanza, nikaomba kuona karatasi yake. Muhuri wangu tena, umepinda kidogo kuelekea kulia kama kawaida ya mkono wangu. Zote mbili nilizigonga mimi, sikupekua chochote kwa sababu daftari lenyewe sikuwa nalo. Mzee alikuwa ameshazikwa na fedha zilikuwa zimeshaliwa. Mama yule alilipia kiwanja kwa mafao ya marehemu mumewe. Hakukipata. Mpaka leo tukikutana njiani namwamkia, anaitikia, lakini hasimami.

MUHURI: USIFANYE

Usichukue asilimia kumi. Mitaa mingi bado inamtajia mnunuzi "asilimia kumi ya serikali ya mtaa". Kwa miaka kumi nimeomba nionyeshwe sheria iliyoiweka, hakuna aliyeniletea hata ukurasa mmoja. Ukishachukua asilimia yako, kila mauzo yanakunufaisha, hata yale ya wizi. Utakataaje kugonga? Najua huna mshahara. Ulilijua hilo kabla ya kuchukua fomu.

Usimwachie mwanao muhuri. Usigonge karatasi tupu ili "mtajaza wenyewe". Hivi funguo za nyumba yako unamwachia nani ajifungulie mwenyewe?

Usimdanganye mnunuzi kwamba muhuri wako ni hati. Muhuri unasema watu hawa walifika mbele yako siku hii, basi. Mwambie hivyo akiwa bado ana fedha mfukoni.

Usigonge kiwanja cha bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka mtoni. Simama ukingoni, hesabu hatua zako. Desemba 2011 mafuriko yalizoa watu katika mabonde ya jiji hili, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Wapo waliolala kwenye mahema huku wameshika karatasi za mauziano. Maji hayasomi muhuri.

MASHAURI: USIFANYE

Usisuluhishe jinai. Nalitanguliza katazo hapa kwa makusudi, maana ndipo mnapoumiza watu wakubwa kwa wadogo.

Watakuja familia mbili pamoja, wamevaa vizuri, wamekaa kwa adabu. Kuna soda mezani na bahasha chini ya chupa. Binti ana miaka kumi na tatu, amekaa pembeni anachora chini kwa kidole cha mguu. "Tumeshayamaliza kifamilia, mwenyekiti, tunaomba utuandikie tu." Usiandike. Hata neno moja usiandike. Aliyotendewa binti ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na hakuna baba, mjomba wala mwenyekiti mwenye uwezo wa kulisamehe kwa niaba ya mtoto. Karatasi yenu ya "makubaliano" haina kazi nyingine ila kumnunulia mkosaji muda wa kukimbia.

Usimhoji mtoto mwenyewe, tena mbele ya watu. Kila akirudia maneno anaumia upya, nawe huna mafunzo.

Usijifanye hakimu wa ardhi. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyaondolea hata mabaraza ya kata uwezo wa kuamua kesi za ardhi, yakaachiwa usuluhishi tu. Sasa wewe na meza yako ya plastiki unamhukumu nani?

MASHAURI: FANYA

Kwa mtoto, piga simu saa ile ile kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa, na wewe ndiye mlango wa kwanza wanaougonga. Hakikisha hajaogeshwa wala nguo zake hazijafuliwa. Waende polisi wachukue fomu ya PF3, kisha hospitali. Kama familia haina nauli, toa. Niliwahi kusubiri hadi asubuhi kwa sababu mama mkubwa wa mtoto aliniomba "tulale tufikirie". Asubuhi nguo zilikuwa kwenye kamba, na mtuhumiwa ameshapanda basi.

Yaliyo yako yashughulikie yote: maji ya choo yanayomwagwa barabarani, muziki wa usiku, mbuzi wa fulani kwenye mchicha wa fulani. Mnayaona madogo. Watu wameshikana mapanga kwa mbuzi.

FEDHA

Fanya: kila mchango uwe na stakabadhi. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni kwa sauti, kisha ibandikwe mahali watu wanapopita.

Usifanye: usitunze fedha wala vifaa vya umma nyumbani. Tulichangia madarasa, mimi kwa kujiamini nikaweka mifuko 40 ya simenti stoo kwangu. Masika yakaingia kwa chini. Mifuko 13 iliganda ikawa mawe. Sikuiba hata kijiko kimoja, lakini nani aliniamini? Mawe yale yapo uani kwangu, kuku wanalala juu yake.

ULINZI SHIRIKISHI

Fanya: mshukiwa akiletwa, ita polisi kabla hujauliza jina lake. Kaa naye mpaka gari lifike.

Usifanye: usiondoke "kidogo tu" ukawaacha vijana naye. Niliondoka dakika kumi kutafuta mtandao wa simu. Niliporudi, kijana wa watu alikuwa hana meno ya mbele. Betri ya bodaboda aliyodaiwa kuiba ilipatikana kwa fundi, mwenye bodaboda kaipeleka kuchajiwa akasahau.

BARUA NA ORODHA

Barua ya utambulisho ni bure. Usimwandikie mtu usiyemjua, hasa ya dhamana. Akitoroka, polisi wanakuja kwako. Na orodha ya kaya maskini itajwe na mkutano, mchana, mbele ya majirani. Shemeji yako mwenye duka asikae humo. Mtaa mzima unajua hali yake.

KUONDOKA

Fanya: kabidhi kwa maandishi, mtendaji wa mtaa akiwepo. Muhuri, daftari, majalada, funguo, kila kimoja na sahihi yake. Kurasa za daftari zihesabiwe.

Usifanye: usibaki na muhuri wa zamani "kama kumbukumbu". Na usiendelee kupokea watu. Bado wananijia, wengine saa tano usiku, wamekunja karatasi mkononi. "Mama Mwenyekiti, wewe unatujua." Nawaelekeza: nyumba ya tatu baada ya msikiti, geti la kijani. Halafu nazima taa ya barazani.