Kukadiria Maji Yapoteayo: Bwawa la Mtera

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Mbeya, hupita Usangu penye mashamba ya mpunga, kisha huingia katika bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Bwawa hilo huihifadhia maji mitambo ya umeme ya Kidatu. Maji yake yalipopungua katika miaka ya 1990 na umeme ukatolewa kwa mgawo, lawama nyingi ziliwaangukia wakulima na wafugaji wa Usangu. Kabla ya kuhukumu, yafaa kupiga hesabu.

Mvukizo hupimwa kwa beseni la chuma lenye maji. Kwa kuwa beseni hupata joto upesi kuliko ziwa, kipimo chake huzidishwa kwa 0.7 hivi. Beseni likipungua milimita 7 kwa siku, bwawa hupungua karibu milimita 5, yaani mita 0.005. Mtera lijaapo huwa na eneo la kilomita za mraba 600 hivi, au mita za mraba 600,000,000. Basi hupotea mita za ujazo 3,000,000 kila siku.

Shamba la mpunga lipotezalo milimita 10 kwa siku hutumia mita za ujazo 100 kwa hektari. Mvukizo wa bwawa ungetosha hektari 30,000. Tena, maji yote yaingiayo mferejini hayahesabiwi kuwa yametumika. Yale yarudiayo mtoni hutolewa kwanza.

Zoezi: Eneo la bwawa likipungua kwa nusu, ni maji kiasi gani yatapotea kwa siku 30?