Mali Kauli Bandani: Fundi Akatwe Kiasi Gani?

"Acha mzigo, ukiisha nitakupigia." Mafundi wengi wa Segese na vijiji vya jirani katika Halmashauri ya Msalala hawana mkataba mwingine na mwenye banda zaidi ya maneno hayo. Mfinyanzi anashusha vyungu, mama wa vikapu anaacha vikapu vyake, seremala anaacha vinu na vigoda, mhunzi wa bati anaacha majiko ya mkaa. Kisha kila mmoja anarudi nyumbani kusubiri simu.

Mali kauli yenyewe si kitu kibaya. Humwezesha fundi asiye na kodi ya fremu kuuza Kahama mjini bila kuacha kazi yake, na humwezesha mwenye banda kujaza meza bila mtaji. Ugomvi huzuka siku ya hesabu, kwa sababu kila mmoja alielewa makato kwa namna yake. Kwenye maduara ya dhahabu hapa hapa kwetu, moko haigongi mwamba kabla watu hawajaelewana mifuko ya mawe itagawanywaje kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Bandani tunaanza kuuza kwanza, mgawo tunauzungumza baadaye.

Utaratibu uliozoeleka zaidi ni wa cha juu: fundi anataja yake, mwenye banda anauza anavyojua. Tuseme umetaja 12,000 kwa kikapu. Kikiuzwa 14,000, mwenye banda amepata 2,000. Kikiuzwa 25,000 kwa mgeni aliyekuja kikazi mgodini, amepata 13,000, kukuzidi wewe uliyekisuka. Wapo watakaosema hapo hakuna aliyedhulumiwa, maana ulipata ulichotaka. Ni kweli, ila hujui kazi yako inauzwa bei gani, kwa hiyo mwaka mzima utaendelea kutaja 12,000. Na mwenye banda mwenye tamaa anaweza kupandisha cha juu mpaka kikapu kikae wiki nane kikishika vumbi. Yeye hakuweka pesa humo. Mtaji uliolala ni wako.

Mimi naona asilimia ni bora, mradi bei iandikwe kwenye bidhaa yenyewe. Kikapu cha 20,000 kwa makato ya asilimia 20 kinamwachia mwenye banda 4,000 na fundi 16,000. Hakuna sheria inayopanga asilimia hiyo, ni makubaliano. Majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani mara nyingi huchukua asilimia 40 mpaka 50, lakini yanalipa kodi ya jengo, wauzaji, taa na matangazo. Mwenye meza ya mbao pembeni ya stendi akitaka nusu, muulize anatoa huduma gani ya kulingana na nusu hiyo.

Baada ya hapo uliza swali ambalo wengi husahau: asilimia ya bei ipi? Mteja wetu hanunui bila kuomba apunguziwe. Kikapu cha 20,000 kikiuzwa 17,000, makato ni 3,400 na wewe unabaki na 13,600. Toa humo nyasi, rangi na nauli ya bodaboda ndipo ujue kama bado una faida. Kwa hiyo wekeni bei mbili, ya kuanzia na ya mwisho. Mwenye banda akishuka chini ya ile ya mwisho bila kukuuliza, pengo litoke kwenye sehemu yake.

Kwenye maonesho hesabu ni nyingine. Mafundi wa ukanda huu wana nafasi kadhaa: maonesho ya teknolojia ya madini ya Geita, yaliyoanza 2018, Nane Nane ya Nyakabindi mkoani Simiyu, ambayo Shinyanga huingia pamoja na Simiyu na Mara, na maonesho ya Nguvu Kazi, au Jua Kali, ya Afrika Mashariki, ambayo huhamahama na mwaka 2021 yalifika Mwanza. Banda la pamoja huko kwa kawaida hulipiwa kwa kuchangishana sawa kwa sawa. Unaonekana mgawo wa haki, lakini ukiupigia hesabu unamuumiza mdogo. Chukua mfano wa banda la 300,000 kwa watu sita: kila mmoja 50,000. Aliyeuza vyungu vya 80,000 anabaki na 30,000, na nauli hajaitoa. Aliyeuza samani za 600,000 hata hasikii.

Changanyeni njia mbili. Kila mmoja atoe 20,000 ya kuingilia, zipatikane 120,000. Zile 180,000 zilizobaki zitoke kwenye asilimia 10 ya mauzo ya kila mtu. Banda likiuza jumla ya 1,800,000, deni limekwisha: mwenye mauzo ya 80,000 amechangia 28,000, mwenye 600,000 amechangia 80,000. Mauzo yakipungua, mkubaliane kabla ya safari pengo litazibwaje. Na anayekaa bandani kutwa akiuza vya wenzake apunguziwe makato au apewe posho. Kukaa bandani ni kazi, ingawa kuna wanaoichukulia kama mapumziko.

Kuvunjika na kupotea ndiko kunakovunja urafiki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwangalifu wa kawaida anavyotunza yake. Akiwa ameitunza hivyo na chungu bado kikavunjika, kwa kawaida hatadaiwa, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo. Mfinyanzi hawezi kuliacha hilo hewani. Andikeni kwamba kilichovunjika au kuibwa kikiwa bandani kinalipwa na mwenye banda kwa kiasi ambacho fundi angepata, na kilichovunjika njiani kinamhusu aliyesafirisha.

Pesa nazo siku hizi hupita kwenye simu. Lipa namba huwa ya mwenye banda, na mauzo yako yanaingia humo pamoja na ya kwake. Dawa yake ni daftari: kila bidhaa iwe na namba, na kikiuzwa kitu iandikwe tarehe, namba ya bidhaa na bei aliyolipa mteja. Elewaneni pia nani anabeba makato ya kutuma na kutoa. Siku ya hesabu iwe moja, inayojulikana, kwa mfano kila baada ya siku ya mnada. "Ukiisha" si tarehe. Sheria hiyo hiyo ya Mikataba inamtaka wakala, ambaye hapa ni mwenye banda, atoe hesabu sahihi anapodaiwa na aliyemtuma, kwa hiyo kudai hesabu si kumvunjia mtu heshima.

Muda wa mzigo kukaa bandani uendane na majira ya kwetu. Masika vyungu havikauki vizuri, na pesa huonekana mikononi mwa watu baada ya mauzo ya tumbaku, pamba na mpunga. Miezi miwili au mitatu inatosha; kisichouzwa kirudi au kishushwe bei kwa ridhaa yako.

Ukisikia "hii nimekata ya TRA", omba maelezo na risiti. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Kodi ya biashara ya mwenye banda ni yake, na inatakiwa iwe ndani ya makato mliyokubaliana. Maandishi yanamsaidia hata yeye, kwa kuwa yanaonyesha kwamba si kila shilingi iliyopita mkononi mwake ilikuwa mali yake.

Karatasi ya daftari inatosha kuwa mkataba. Iwe na majina ya wote wawili, orodha ya bidhaa na idadi, bei mbili, asilimia, siku ya hesabu, nani analipa kilichoharibika na lini mzigo unarudi. Nakala ziwe mbili, zisainiwe mbele ya mashahidi, mtendaji wa kijiji akiwa mmojawapo ikiwezekana, na kila mmoja aipige picha kwa simu. Makubaliano ya mdomo nayo yanatambulika kisheria, lakini mkifika Mahakama ya Mwanzo kudaiana utatakiwa kuyathibitisha, na hapo ndipo wenye haki wengi hukwama. Mwenye banda akikataa kusaini orodha ya vitu anavyopokea, usimwachie mzigo wako.