Afya Kazini: Kila Mfanyakazi na Zoezi Limfaalo

Mnamo mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, walioketi karibu muda wote wa kazi, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa. Mwajiri wao alikuwa mmoja, lakini kazi ziliitumia miili yao kwa namna mbili.

Kwa hiyo mpango wa afya wenye zoezi moja hauwezi kuwafaa wote. Akaaye mezani huhitaji kutembea. Abebaye mizigo huhitaji kupumzisha mgongo. Mwenye maumivu ya magoti aweza kuogelea badala ya kukimbia. Katika mwongozo wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Kipimo hicho chaweza kutimizwa kwa njia nyingi. Yafaa basi mfanyakazi apewe nafasi ya kuchagua, kwani zoezi asiloliweza hataliendeleza, na lisiloendelezwa halilindi moyo.