MWANAUME HALII? HUO NI UONGO WA SHETANI!

(Soma: 2 Samweli 13:20–29; Yohana 11:32–36)

Kijana wa Mwanjelwa, wa Uyole, wa Kihesa, wa Ipogolo!

Tangu ukiwa mdogo umeambiwa, "Nyamaza, mwanaume halii!" Ulipigwa, ukanyamaza. Baba alipanda lori la Tunduma asirudi, ukanyamaza. Sasa moyo wako ni kama ulanzi uliozibwa ndani ya chupa: unachacha kimyakimya, siku moja kizibo kinaruka! Ndiyo maana neno dogo tu unampiga mdogo wako. Ndiyo maana kila jioni uko kilabuni.

1. KIMYA KINAUA
Tamari, dada yake Absalomu, alinajisiwa na Amnoni, ndugu yao. Mfalme Daudi alikasirika, basi, ikaishia hapo. Absalomu naye hakumwambia Amnoni neno, zuri wala baya. Miaka 2! Halafu akaamuru auawe. Baadaye Daudi alimlilia sana Absalomu, lakini kijana alikuwa ameshakufa (2 Samweli 18:33). Machozi ya baba yalichelewa!

2. YESU ALILIA
Alilia kwenye msiba wa Lazaro, mbele za watu. Kule Gethsemane aliwaeleza rafiki zake huzuni yake (Mathayo 26:38). Je, huyo si mwanaume? Ndiye aliyebeba msalaba!

3. USIFE NA SIRI
Iringa inamkumbuka Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate. Alikuwa amezingirwa vitani. Wewe hujazingirwa! Mjomba yupo, mchungaji yupo, daktari yupo. Duniani wanaume wanaojiua ni wengi kuliko wanawake. Kama wazo hilo limekujia, usilale nalo. Mwambie mtu leo hii!

4. KESHO UTAITWA BABA
Mwanao wa kiume akilia, usimzabe kofi. Muulize, "Mwanangu, nini kimekuuma?" Msikilize kwanza, umwonye baadaye. Ukimkosea, mwombe radhi. Soma Waefeso 6:4.

Lakini huwezi kumpa mtoto moyo ambao wewe mwenyewe huna. Yesu anaponya! Omba sasa kwa sauti:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeficha uchungu na hasira. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, uniponye moyo. Leo nakupokea. Amina."

Umeomba kwa imani? Umeokoka! Usiondoke uwanjani kimya. Mshike mkono mhudumu, umweleze yote. Na machozi yakija, yaache yatoke. Haleluya!